Volti Nne kwa Kalamu ya Bluu

Mgeni rasmi, Daktari Nthoki, mhadhiri wa somo la saketi za umeme: Awiti, mwanafunzi wako wa mwaka wa kwanza, amesimamishwa masomo kwa kuharibu kitabu cha maktaba. Hakukiharibu yeye. Tulikiharibu sisi, tukidhani tunakitengeneza.

KARIBU

Karibu Ziwani. Kipaza sauti tulikitengeneza wenyewe juzi, na leo kimekataa kuwaka mbele yako. Kwa hiyo katibu wetu Bwire anasoma kwa nguvu za mapafu. Waliokaa nyuma wakikosa neno, wamuulize jirani.

HISTORIA YETU

Tulianza tukiwa mafundi tisa wa redio. Sasa tuko watano. Wale wanne waligundua kwamba mteja harudishi yai la kuchemsha baada ya siku mbili, wakahamia kuuza mayai. Mwenyekiti wetu ni Gitonga, au Baba Kim. Aliacha shule darasa la sita na hajawahi kuitafuta. Alichonacho ni mita ya kupimia umeme, aliyoinunua soko la Gikomba miaka ishirini na mmoja iliyopita, na anaiamini kuliko anavyotuamini sisi. Hatumlaumu.

Tuna desturi moja. Fundi akifungua redio akakuta mchoro wa kiwandani haulingani na alichopima, huandika kipimo chake ndani ya kifuniko, pamoja na jina lake, ili fundi atakayekuja nyuma asihangaike. Desturi hii ilitusaidia sana hadi tulipoipeleka chuo kikuu.

MAFANIKIO

Mama yake Awiti, Rispa, anauza viatu vya tairi soko la Kariokor. Chumba chao ni kimoja na wadogo zake wana sauti. Awiti akatuomba pembe ya meza yetu afanyie mazoezi. Alikuwa anachora saketi moja, anapiga hesabu, anageuza ukurasa, anachora nyingine. Maswali ishirini kwa siku, penseli tupu.

Gitonga alimtazama wiki nzima na roho ikamuuma. Msichana anajifunza umeme bila umeme. Akaamua kumsaidia, na hapo ndipo mafanikio yetu yanapoishia.

Alichukua swali la tatu la kile kitabu cha maktaba: betri ya volti kumi na mbili, rezista mbili kubwa za kuzuia umeme, zinazolingana, zimefuatana. Je, ile ya pili ina volti ngapi? Akaunganisha saketi hiyo mezani kwa waya na risasi ya kulehemu, akapima. Nne.

"Ni sita, Baba Kim," Awiti akasema. "Zinalingana, kwa hiyo zinagawana nusu kwa nusu. Hata majibu ya nyuma yanasema sita."

"Hicho kitabu kilipimwa na nani?"

"Hakikupimwa. Kilipigiwa hesabu."

"Basi hapo ndipo kilipokosea."

Bwire, ambaye anasoma maneno haya akijua alivyosema, akaongeza, "Mwandikie huyo profesa apitie hapa tumfundishe. Asije mikono mitupu." Tulicheka sana. Awiti alitabasamu kwa heshima, akaendelea na penseli yake.

Siku zilizofuata, kila akienda darasani na kuacha kitabu mezani, Gitonga alikuwa anaunganisha maswali, anapima, kisha anafungua majibu ya nyuma na kusahihisha kwa kalamu ya bluu. Betri nyingine ilikuwa ya redio ya mteja na ilikuwa imechoka, lakini alipima hivyohivyo. Sisi tulimshikia taa. Kando ya kila jibu aliandika: "Imepimwa. Gitonga, Ziwani." Mwandiko wake ni mzuri, hilo tunamsifu.

Awiti hana tabia ya kuchungulia majibu mara mbili. Alirudisha kitabu maktaba bila kujua.

CHANGAMOTO

Wanafunzi wanne walikiazima baada yake. Waliona neno "imepimwa" wakaliamini, maana kitabu hakikuwa kimedai kupima chochote. Kwenye jaribio lako wote wanne wakaandika volti nne. Chuo kikafuatilia, kikakuta aliyekiazima mwanzo ni Awiti. Alipoulizwa, alisema tu kwamba yeye ndiye aliyekiacha mezani.

Siku aliyopewa barua alikuja kwetu. Tulitegemea atutukane. Aliomba karatasi, akachora lile swali la tatu, kisha kando ya rezista ya pili akachora nyingine.

"Hii ni nini?" Gitonga akauliza.

"Ni mita yako. Ndani yake kuna ukinzani sawa na wa rezista hiyo. Ukiipachika, nayo inakunywa umeme. Mita na rezista hiyo kwa pamoja zinakuwa kama nusu ya rezista moja." Akapiga hesabu mbele yetu. Nne kamili. "Mita haikudanganya, Baba Kim. Ni kwamba nayo imo ndani ya saketi."

Gitonga aliishika ile mita, akaigeuza nyuma na mbele.

"Tangu lini?"

"Tangu uinunue."

Hakula mchana huo. Alikuwa anafikiria redio za watu alizozitangaza zimekufa, na wenyewe wakazitupa.

MAOMBI

Mgeni rasmi, sisi hatujui sheria za chuo. Tunajua kwamba mtu aliyeweza kukaa na barua ya kusimamishwa mkononi, akaweka mita ya Gitonga kwenye hesabu na kupata nne, analijua somo lako. Tunaomba afanye mtihani. Kitabu kipya kiko mezani hapo mbele, hakijaguswa na kalamu, na tumemkalisha Gitonga mbali nacho. Kama lazima mtu aitwe mbele ya kamati, mwiteni yeye. Jina lake mnalo, aliliandika mwenyewe.

Mungu akufikishe nyumbani salama, akuzidishie subira, na akuepushe na watu wa kukusaidia kama sisi.

Msaada wetu umegharimu hivi: majibu thelathini na nane yaliyochafuliwa. Wanafunzi wanne waliokosa swali walilokuwa wanalijua. Siku kumi na tisa Awiti yuko nje ya darasa. Na mtihani mmoja, Jumanne saa tatu asubuhi, ambao akiukosa atarudia mwaka mzima.

Ni sisi,
Mafundi wa Redio, Ziwani