Yurumo Aliyebaki na Sauti ya Abdulghani

Abdulghani Mbwana, fundi simu wa Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani, alifariki siku ya Jumatano saa tatu asubuhi, kwa maradhi ya figo. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Siku ya thelathini na tisa ilikuwa Jumamosi. Siku hiyo, baada ya sala ya alasiri, kaka yake Badru alikuja kijiweni akiwa ameishika simu ya marehemu kwa mikono miwili. Kijiwe chenyewe ni ubao mrefu juu ya matofali, kando ya duka la vipuri vya baiskeli. Meza ya Abdulghani ilikuwa pale pale ubavuni, imepinduliwa, miguu juu. Walikuwapo watu wanne. Sadalla, muuza kahawa. Shekhe, karani mstaafu wa mahakama, anayeitwa Hakimu ingawa hajawahi kumhukumu mtu. Rafaeli, aliyeendesha winchi bandarini miaka ishirini mpaka jina la Winchi likamganda. Na Lucas, Mbondei wa Muheza anayeuza mizizi na magome, Dokta wa wote wasiotaka kwenda hospitali.

Badru aliiweka simu katikati ya vikombe. Kitufe cha pembeni kilibandikwa plasta, na waya wa chaji ulishuka hadi kwenye pawabenki mfukoni mwa kanzu yake.

— Plasta ya nini? Nayo imeumia? — Winchi aliuliza.

— Mtu asije akaizima. Alituachia ikiwa wazi pale hospitali, haidai namba ya siri. Tangu siku hiyo kioo hakijazimwa.

— Siku thelathini na tisa?

— Siku thelathini na tisa. Umeme ukikatika, tunaamka tunatafuta pawabenki.

Waliinama kuangalia. Kiooni palikuwa na kidude cheupe, kisicho na miguu, macho yamefumba, kikielea juu ya ngazi za mawe. Hakimu na Dokta walikuwa wakikiona kila jioni mikononi mwa Abdulghani. Winchi hakuwahi kukitazama. Alikuwa akisema mtu mzima hachezi na katuni. Badru akamweleza. Mchezo ni wa kukamata madude. Unatembea na simu, dude likitokea unalinasa, unalilea. Yapo mamia, ya maji, ya moto, ya miti. Hili ni la mizimu, linaitwa Yurumo, limeletwa katika toleo la tatu, na halitokei ila kwenye majengo ya kale. Abdulghani alilikamata Tongoni, kwenye magofu, Jumapili moja, akiwa na baiskeli ya kuazima.

— Ukishamkamata, unamrekodia maneno ya kumwitia. Naye kila siku, saa uliyompangia, anakurudishia maneno yale yale. Anakukumbusha.

— Kwa sauti yake?

— Kwa sauti yako wewe.

Sadalla, aliyekuwa akimimina, aliliinua dele la kahawa.

— Mwenzetu alirekodi maneno gani?

— "Uko wapi wewe? Njoo basi, nakungoja." Alimpangia saa kumi na moja, saa aliyokuwa akifunga meza.

— Na bado anaita?

— Kila siku. Na mama anaitika.

Hakuna aliyechukua kikombe.

— Anaitikaje? — Hakimu aliuliza, polepole.

— Anasema, "Bee, mwanangu." Kisha ndipo anakula. Tangu tuzike hagusi chakula mpaka saa kumi na moja ipite. Amekwisha, Mzee Shekhe. Ukimshika mkono unashika mfupa. Shangazi Mboni anasema ukiitwa na usiyemwona usiitike, ukiitika utafuata. Mama anasema huyu anamjua, ni mwanawe.

Kisha akawaeleza jambo lililomleta. Yurumo asipoguswa kwa siku arobaini huondoka, na akiondoka harudi, wala sauti hairudi. Kumgusa ni kuweka kidole kiooni, basi, na tangu Abdulghani afe hakuna aliyemgusa. Kesho ndiyo arobaini, kesho ndiyo khitma.

— Nikimgusa, anabaki, na mama ataendelea hivi hivi. Nisipomgusa, kesho nimemzika Abdulghani mara ya pili. Mama kasema, "Kawaulize wenzake waliokuwa wakikaa naye. Watakalosema nitalikubali." Haya, semeni.

Winchi alijikohoza kwanza.

— Mimi nasema afukuzwe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Huyo hana mikono, jembe atalishika na nini? — Sadalla alisema.

— Sikilizeni. Nimekaa bandarini, najua mizigo. Hakuna kitu kinachokuja bure. Mchezo wanakupa bure, kwa nini? Wanakusanya sauti. Huko ng'ambo lipo ghala, makontena na makontena, sauti za watu waliokufa. Abdulghani yumo mle, na tarehe yake na namba yake ya bandari. Arobaini ndiyo siku meli inang'oa nanga.

— Umeliona ghala?

— Makontena nimeyaona.

— Tulia, Winchi — alisema Hakimu. — Tuanze na sheria. Simu ni mali ya marehemu. Kilichomo ndani ya simu ni mali ya marehemu. Basi huyu ni mirathi. Mama ana sudusi yake, fungu moja katika sita, maana ninyi ndugu mpo wengi. Badru hawezi kumgusa wala kumwachia kabla warithi hawajakaa.

— Mzee Shekhe, utamkata mzuka mafungu sita? — Winchi aliuliza.

— Nimeona ng'ombe mmoja akigawiwa watu kumi na mmoja, na hakuna aliyelalamika.

— Alikuwa amechinjwa!

Badru hakucheka. Alikuwa akiiangalia saa iliyo juu ya kioo. Saa kumi na dakika kumi na nane. Kuna jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote, hata mkewe. Kwa mwezi mzima alikuwa akitoka mapema kwenye kiwanda cha mikate, akisukuma baiskeli kwa kasi, awe ukumbini kwao kabla ya saa kumi na moja. Alikuwa akisimama nyuma ya pazia. Mama akiitika, yeye pia midomo yake ilikuwa ikicheza.

Dokta ndiye aliyekuwa hajasema. Alipoanza, alianza kwa sauti ya chini.

— Ninyi mnazungumzia ghala na mirathi. Mimi nauliza, alimtoa wapi? Tongoni. Pale pana makaburi ya watu wa kale, watu waliolala pale kabla hata babu zetu hawajazaliwa. Na pepo wa magofu anataka mlango. Miaka yote hakupata mlango, watu wanapita na majembe. Amekuja kijana na simu, ameifungua kamera, amemwambia njoo. Amekuja. Figo zikafuata.

— Figo zilianza mwaka juzi — Badru alisema. — Mchezo aliuanza mwaka jana.

— Pepo hana kalenda, Badru.

— Daktari wa hospitali alikuwa nayo.

Sadalla alipitisha kashata. Dokta hakukata tamaa, alijisogeza mbele.

— Basi niacheni nimalizie. Pepo hafukuzwi kwa ubishi. Wala halishwi tu akanyamaza. Anapandishwa kwanza, anaulizwa: u nani, umetoka wapi, wataka nini? Akisema haja yake, anapewa, anaondoka kwa amani na vya watu anaviacha. Sauti ya Abdulghani ataiacha. Hivi ndivyo tunavyofanya tangu enzi. Mbona mama yako mwenyewe alifukizwa alipokuwa na mimba yako?

Hilo lilikuwa kweli, na Badru alilijua. Mama yake, Mwanamkasi, alikuwa akilisimulia mwenyewe.

— Sauti ataiacha? — aliuliza.

— Ataiacha. Na mama akiitika, atakuwa anamwitika mwanawe, si mgeni.

— Mimi simo — alisema Hakimu. — Dini haisemi hivyo. — Kisha akasogeza kikombe chake apate nafasi ya kuona.

Sadalla ana chetezo kidogo cha udongo anachofukizia ubani ili nzi wasitue kwenye kashata. Alitoa makaa matatu jikoni, Dokta akasema yawe saba. Ubani ukawekwa. Badru aliichomoa simu kwenye waya, akaishika juu ya moshi, kioo kikitazama chini, na Dokta akaifunika simu, chetezo na mikono ya Badru kwa taulo la Sadalla, kama anavyofunikwa mtu. Hakuna hata mmoja kati ya wale watano aliyefikiri jambo lingine lolote wakati ule. Mgonjwa hufunikwa ili moshi umwingie.

— U nani? — Dokta aliuliza.

Badru alivumilia moto vidoleni.

— Umetoka wapi? Wataka nini kwa watu hawa?

— Atajibu Kiswahili kweli? — Winchi alinong'ona.

— Funua kidogo tuone.

Walifunua. Kioo, kilichokuwa kiking'aa siku thelathini na tisa, kilikuwa kimefifia. Yurumo alionekana kwa mbali, kama mtu aliye nyuma ya chandarua.

— Anapanda! — Dokta alisema. — Funika!

Walifunika. Walipofunua mara ya pili, juu ya kile kidude palikuwa na alama nyekundu na mstari wa Kiingereza. Hakimu alivaa miwani, akasoma kwa utulivu wa mahakamani.

— Inasema joto.

— Naam! Majini yameumbwa kwa nini? Si kwa moto? Sema, Hakimu!

— Kwa moto — alisema Hakimu. — Hilo ni kweli.

— Funika, Badru. Anataja asili yake.

Badru alifunika. Alikuwa akihesabu moyoni, na alipofika kumi na tisa alihisi simu ikitetemeka mara moja kiganjani. Alilitupa taulo. Kioo kilikuwa cheusi. Ilikuwa saa kumi na dakika thelathini na nane kwa saa ya Hakimu.

Waliiacha ipoe juu ya kipande cha barafu alichokileta mwenye duka la vipuri. Badru aliibandua plasta, akabonyeza. Simu iliwaka, ikaonyesha nembo ya kiwanda, kisha ikadai namba ya siri: visanduku sita vitupu na tarakimu chini yake.

— Mwaka aliozaliwa — alisema Winchi. — Na siku.

Badru aliandika. Simu ilikataa. Aliandika siku aliyozaliwa mama. Ilikataa. Aliandika sita za mwisho za namba yake mwenyewe ya simu, kwa tamaa ambayo aliionea haya papo hapo. Ilikataa, na mara hii ikamwambia angoje.

Ndipo alipofika mwanamke mmoja mwenye mkoba wa zana begani. Hakuna aliyemjua. Alisema anaitwa Jenifa, ametokea Korogwe, ni fundi simu, na amesikia hapa pana meza haina mtu.

— Shikamooni.

— Marahaba — walijibu wote, na Sadalla akaongeza: — Binti, Mungu kakuleta. Hebu itazame hii.

Jenifa aliipokea simu. Aliigeuza, akainusa, akawatazama mmoja mmoja, lakini hakuuliza kwa nini inanuka ubani.

— Namba yake ya siri ni ipi?

Hakimu alivua miwani. Winchi alitazama miguu ya ile meza. Dokta alikuwa akikunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena.

— Yangu mimi aliniwekea yeye — Sadalla alisema hatimaye.

— Na yangu — alisema Winchi. — Nikiisahau nilikuwa naja kumwuliza yeye. Alikuwa anaijua kwa moyo.

— Alijua namba zetu wote — Hakimu alisema.

Jenifa aliwangoja. Alipoona hakuna aijuaye, alirudisha simu mikononi mwa Badru.

— Bila namba naweza kuifungua, kaka. Itatumika kama mpya. Lakini kila kilichomo ndani kitafutika.

— Kuna sauti kwenye mchezo. Itabaki?

— Mchezo huu naujua. Sauti ya kuitia inakaa kwenye simu, haiendi popote. Ukifuta, imeondoka.

— Na ikikaa hivi ilivyo? Saa kumi na moja itaita?

— Ikishazimwa, mchezo hauamki mpaka uweke namba.

Badru aliketi, simu mapajani. Dokta alisema neno la pole. Saa kumi na moja ilifika, ikapita. Sadalla hakuongeza makaa jikoni. Dakika tatu baadaye simu ya Badru mwenyewe iliita mfukoni; alikuwa mama yake. Alisimama kuipokea.

— Naam, mama... Hajaita... Hapana, si kwamba ameondoka. Sisi tumeizima. Mimi nimeizima, mama. Kwa moto wa ubani.

Alisikiliza kwa muda mrefu. Wenzake waliona akitikisa kichwa kukubali, kana kwamba mama anamwona.

— Sitampa mtu aifute — alisema. — Nimekusikia.

Akakata. Jenifa aliipindua ile meza ikasimama kwa miguu yake, akaiegemeza ukutani, akasema atarudi Jumatatu kuulizia.

Khitma ya Abdulghani Mbwana ilisomwa Jumapili, baada ya adhuhuri. Mwanamkasi alikula saa nane mchana, sinia moja na wanawake wenzake. Simu ilikuwa chumbani kwake, kwenye chaji, ikingoja tarakimu sita.