Aliyeonja Mchuzi Kwanza

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Kizibo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 katika chumba cha uani nyuma ya duka la viatu, mtoto wa nne wa fundi viatu na mshona mapazia. Tangu utotoni alinusa kila kitu: ngozi, gundi, hata mvua kabla haijafika.

Alimaliza sekondari mwaka 1976, akasomea kazi ya hoteli miaka miwili. Februari 1979 aliajiriwa kuosha glasi katika mkahawa wa hoteli. Mwaka 1984 alikabidhiwa funguo za stoo ya divai, akazishika miaka thelathini na mitano. Hakumchagulia mgeni chupa kabla ya kuingia jikoni na kuchovya kipande cha mkate kwenye mchuzi. “Divai haimfuati mgeni,” alisema, “inaufuata mchuzi.” Nyama ya kuoka aliipa divai nyekundu nzito. Samaki wa nyanya alimpa nyekundu nyepesi, iliyopozwa kidogo, na wabishi waliomba glasi ya pili wakishaionja.

Mpishi wa mchuzi huo ndiye mjane wake leo.

“We Kizibo, utaumaliza mkate wa watu!”

“Nipikie nyumbani basi, niwaachie.”

Walifunga ndoa tarehe 14 Septemba 1991. Wiki hiyo alinunua chupa moja ya divai nyekundu, akailaza ubavu chini ya ngazi, gizani. “Tutaifungua ikiiva.” Mkewe hakuwa mnywaji. Alifagia kuizunguka kwa miaka thelathini na miwili.

Kizibo alistaafu mwaka 2019. Mwaka 2021 homa kali ilimwondolea uwezo wa kunusa, na haukurudi. Figo zilipoanza kushindwa alivumilia, ila pua ilimvunja moyo. Hakukanyaga tena jikoni. Akiulizwa kuhusu chupa, alijibu, “Nani ataijua sasa?”

Tarehe 19 Novemba 2023 mkewe aliitoa mwenyewe. Aliisimamisha kutwa nzima mashapo yatulie, akapika mchuzi ule ule. Kizibo cha chupa kikamvunjikia, akaichuja kwa chujio la chai.

“Mama watoto, chujio la chai! Umeniua kabla ya siku zangu.” Alicheka, mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Mkewe akainusa, akapiga funda moja, la kwanza maishani, akakunja uso. “Ina ukakasi.” Kisha akachovya mkate kwenye mchuzi, akala, akanywa tena.

“Nambie.”

“Imelainika, baba watoto. Ina harufu ya mvua kabla haijafika.”

Mumewe akamshika mkono. “Basi imeiva.”

Alifariki tarehe 3 Desemba 2023, saa moja asubuhi, nyumbani, akiwa na miaka sitini na mitano.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano, dada yake mkubwa, na wahudumu aliowafundisha kutojaza glasi.

Alale kwa amani, kama alivyozilaza chupa zake: taratibu, mahali palipopoa, bila kutikiswa.