Pipa la Fundi Walubengo

Miaka ile chifu alikuwa polisi, hakimu na mlinzi wa jela kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo Fundi Walubengo alikuwa na kila sababu ya kushindwa kumeza chai. Alikaa kwenye benchi nje ya kibanda cha Mama Rosebella, pale Kimumu, kikombe kikipoa mkononi. Jana mchana askari wa chifu walibeba pipa lake. Lilikuwa limezibwa vizuri, moto chini, bomba likipita kwenye ndoo ya maji baridi, na mwisho wa bomba chupa ikipokea matone. Kimumu nzima inajua kitu kimoja tu kinachopikwa hivyo, nacho ni chang'aa, pombe haramu. Walubengo alikuwa akipika plastiki: slipa zilizokatika, mabeseni yaliyopasuka, magunia ya mbolea, vyote pamoja bila kuchambua.

— Fundi, kunywa chai. Miezi sita si mingi, alisema Githinji, ambaye kijiweni walimwita Redio kwa sababu hakuna aliyewahi kumzima.

— Miezi sita ya nini? Mimi hata pombe sinywi. Mimi ni mtu wa kanisa!

— Hiyo ndiyo mbaya. Mlevi wangemwelewa.

— Wacha kumtisha, alisema Mwalimu Kimutai, Profesa wa benchi. Kwa jalala la soko plastiki inachomwa kila siku. Moshi unapanda, unakaa huko juu kama blanketi, dunia inashika joto. Nimesoma kwa gazeti. Kwa pipa ya huyu hakuna hewa, kwa hivyo haiungui. Inakuwa mvuke, halafu mafuta. Kiwanda inaweza kutumia hayo mafuta kutengeneza plastiki tena, bila kuchimba mengine.

— Kumbe! Ndio maana mvua imechelewa Ainabkoi. Inabisha hodi, blanketi inakataa kufungua!

— Sijasema hivyo, Githinji.

— Weka mapipa mia Moi's Bridge, uone kama hatutavuna mahindi mara tatu kwa mwaka.

— Na slipa yangu ya kushoto, ile ililiwa na mbwa ya jirani yangu Jelagat? Mama Rosebella aliuliza kutoka jikoni.

— Itarudi mpya, Mama! Serikali ikijua, huyu hafungwi. Anapewa ndege aende juu akakunje hiyo blanketi.

Walubengo alitaka kucheka, akashindwa. Alimfikiria mke wake, Kavetsa, ambaye tangu jana hakuwa amemuuliza neno. Alikuwa amemfungia tu sweta na sabuni kwenye mfuko, tayari.

Mara akatokea Otiende, askari wa chifu, akilibingirisha pipa barabarani, chupa kwapani, midomo imevimba. Benchi lote likasimama.

— Kaeni. Chifu aliniambia nipime hii kitu.

— Ukapima na nini, Afande?

— Na ulimi.

Hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kucheka.

— Nimetapika asubuhi yote. Nikamwambia, Chifu, hii si pombe, hakuna mtu duniani atanunua hii. Akajaribu kwa taa, ikawaka. Akasema, rudishia huyo mtu pipa yake.

Walubengo akaketi tena. Alicheka huku machozi yakimtoka, akainywa ile chai baridi yote kwa pumzi moja. Redio naye alishangilia kana kwamba kesi ameishinda yeye.

— Lakini niulize, Otiende alisema. Hii mafuta utafanyia nini?

— Nitawasha taa, Afande. Na majirani pia.

— Na moshi ya hiyo taa itaenda wapi?

Benchi lote lilimgeukia Profesa. Redio akazimika, mara ya kwanza tangu kijiwe kile kianze.

— Sijui, Afande, alisema Walubengo.

Jana neno hilo mbele ya askari lingemletea kofi. Leo alilisema kwa raha, akamwomba Mama Rosebella amwongezee chai, na Afande apewe maziwa matupu.