Mkwe Kaja, Ilishi Hajaja

Kibanda changu cha chai kiko gatini, hapa Bhola, ukingoni mwa mto Meghna. Benchi lake limevunjika mguu, tumeliegemeza kwa matofali. Wakaaji ni wale wale: Redio, asiyenyamaza, na Hakimu, aliyewahi kufagia mahakama. Asubuhi hiyo alikuwepo pia Moksed, mvuvi, ameinamia kikombe. Mkwe wake alikuwa njiani kutoka Dinajpur, bara mbali na bahari, mara ya kwanza tangu harusi, na kwetu mkwe hatengewi wali bila ilishi, samaki mnono wa baharini anayepanda mtoni kutaga. Moksed alikuwa ametoka mtoni na wavu mtupu. Nilimwonea huruma, nikawawekea sahani ya chapila wa kukaanga, samaki wadogo kama vidole.

— Ilishi wamegoma kupanda kutoka baharini, alisema Redio huku akitafuna. Honi za meli zinawatisha.

— Acha zako, alisema Hakimu. Mto unanuka. Ilishi akifika mdomoni mwa mto tu anageuza.

— Anageuza aende wapi na mayai yote yale tumboni?

— Burma. Huko anapokewa vizuri.

Moksed aliinua kichwa.

— Zamani wakipanda walikuja na mafuta ya bahari. Pomboo wa mtoni anashiba, yangeyange anashiba, paka wa gatini anachagua. Sasa hata huyo pomboo simwoni.

— Pomboo ndiye aliyewamaliza, alisema Redio. Kala wote, kahama.

— Wewe nawe! Pomboo kaishi nao tangu enzi za babu yako.

— Basi wamepigiana simu. Waliotangulia wamewaambia wenzao wasije.

— Simu chini ya maji?

— Huko mtandao hausumbui.

Hakuna aliyecheka. Mzaha huo tumeuchosha.

— Nimpe nini mtoto wa watu? aliuliza Moksed. Akasimulie kwao kwamba kwa mvuvi kalishwa dengu?

— Mchinjie kuku.

— Kuku hata Dinajpur wapo.

Boti ya abiria ikafunga gati. Akashuka mkwe, kijana mwenye mfuko wa mchele wa kwao, akainama kumgusa Moksed miguu kwa heshima. Akaketi. Moksed, kwa aibu, akamsogezea sahani. Kijana akala mmoja, akaongeza wa pili.

— Watamu hawa, Baba. Wanaitwaje?

— Chapila, Redio akawahi kujibu.

— Na wakikua wanakuwa nini?

Redio akajishindilia samaki wawili mdomoni kwa mpigo. Hakimu akawa anatazama matofali ya benchi. Chapila ni samaki mwingine kabisa. Hawa tunawapa jina lake sokoni ili askari wa uvuvi wasitukamate, maana kuwavua ni marufuku. Kila mtu pale alijua, na Moksed ndiye aliyeniuzia juzi.

Alijipangusa vidole kwenye shuka yake, polepole, asimtazame mkwe wake.

— Mwongeze chai, aliniambia.

Niligeukia jiko. Kikaangioni samaki wengine walikuwa bado wanakaangika, walionaswa wakishuka kwenda baharini kukua: ilishi watupu, urefu wa kidole.