Mfupa Ulikuwa wa Melania

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Bangwe, maisha ya marehemu Melania Telesphory yameandikwa na mama yake mzazi, Skolastika, na baba yake mdogo, Erasto, anayeyasoma, ameombwa asiruke neno hata kama kuna watakaokohoa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1989 hapa Bangwe, akiwa mtoto wa tatu wa hayati Mzee Telesphory na Skolastika, akasoma shule ya msingi hapahapa, kisha sekondari mjini Kigoma, alikomaliza kidato cha nne mwaka 2007, na kwa kuwa alikuwa na pumzi kuliko kaka zake, kanisa lilimkabidhi tarumbeta akiwa bado anavaa sare ya shule. Mwaka 2010 aliajiriwa kuwa karani wa mizigo katika mwalo wa boti wa Kibirizi, kazi aliyoifanya hadi mwisho, bila kumpandishia mtu sauti isipokuwa waliostahili.

Tarehe 6 Septemba 2014 alifunga ndoa na Oswald wa Kasingirima, wakajaliwa mtoto mmoja, Wema, aliyezaliwa mwaka 2016.

Tarehe 19 Juni 2021, akitoka Kalinzi kwa bodaboda, alianguka mteremkoni, akapoteza meno manne ya juu ya mbele. Alitengenezewa ya kuvaa na kuvua, lakini tarumbeta haipigwi kwa meno yanayocheza, na wanaosema alifuata urembo hawakumwona akiyatema kiganjani katikati ya wimbo wa Pasaka. Madaktari wa Mwanza walimweleza kwamba meno ya kudumu hukazwa kwa skrubu ndani ya taya, na taya lake la mbele lilikuwa limesinyaa, kwa hiyo tarehe 3 Februari 2025 walichukua kipande cha mfupa nyuma ya taya lake la chini, wakakipandikiza mbele, wakamwagiza amalize dawa zote, awahi hospitali akivimba, na arudi baada ya miezi sita.

Aliporudi Kasingirima, wifi yake Veneranda alimsimamisha mbele ya chakula akamwambia, "Wifi, umewekewa mfupa wa maiti, halafu unatia mkono kwenye sahani yetu?" Melania akajibu, "Ni wangu mwenyewe, wifi, nimeuhamisha chumba tu," watoto wakacheka, na kicheko hicho hakikusamehewa. Akatengewa sahani yake, kama mgeni mwenye ukoma, kikaitwa kikundi cha maombi cha nyumbani, ukaamriwa mfungo mkavu, bila chakula, bila maji, na bila dawa, kwa sababu kidonge nacho eti ni kula, na Oswald, mume mzima, akazifungia dawa kabatini. Melania alikubali ili arudishwe kula na wenzake. Mama yake alipopiga simu, aliambiwa, "Usiwe na wasiwasi mama, amelala, anaombewa."

Tarehe 15 Februari jirani yao, Angela, alisikia mkoromo, akagonga mlango, akamwona Melania anavyokoroma akiwa macho, akamwita mama mzazi wa Melania, naye akamkuta mwanawe shingo imevimba kuliko kichwa, ulimi umeinuka, hawezi kumeza hata mate, na watu wamemzunguka wakiimba. Hospitalini walimtoboa koo apate hewa, lakini usaha ulikuwa umeshashuka kifuani, akafariki tarehe 17 Februari 2025, saa tano asubuhi. Daktari alisema wazi kwamba kilichomuua ni kidonda kilichokosa dawa.

Jana wajumbe kutoka Kasingirima waliomba jeneza lifunguliwe, ili mfupa uombewe utoke kabla ya kuzika. Jibu la mama ni lile la jana, ila leo bila matusi: jeneza halifunguliwi, mfupa ni wa Melania, alizaliwa nao, atazikwa nao.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea akiwa amechelewa na hawakumgombeza, Angela ambaye hakuogopa kugonga mlango usio wake, majirani wa Bangwe waliopika na kuchota maji, makarani na wabebaji wa Kibirizi, na wapiga tarumbeta wenzake. Waliokaa na kabati lenye dawa hawamo katika shukrani hizi, wala hawajasahauliwa kwa bahati mbaya.

Melania, wewe pumzika kwa amani, sisi tuliobaki bado tuna maneno.