Sahihi ya Usingizini

Pale Igoma, kando ya barabara ya Musoma, kulikuwa na benchi lililoegemea ukuta wa gereji, na Paskazia aliuza kahawa yake hapo kila asubuhi. Mwaka ule wa tisini na sita, viwanda vikiuzwa na watu wakipunguzwa, benchi lile lilikuwa na wasomi wengi kuliko mahakama. Wawili hawakukosa: Luhaga, aliyeitwa Daktari kwa sababu aliwahi kufagia zahanati, na Shigela, aliyeitwa Wakili kwa sababu aliwahi kushtakiwa.

Asubuhi hiyo alifika Masalu, amevaa shati la kazi ambayo hana tena. Miaka kumi na tisa alisimamia mashine za nyuzi kiwandani, akikohoa vumbi la pamba kila usiku. Wiki iliyopita, baada ya zamu, alikuwa amejilaza juu ya marobota ya pamba, afisa akamtikisa ghafla na kumpa fomu: unabaki, au unajiondoa kwa hiari? Masalu akaweka alama kwenye kujiondoa, akasaini, akalala tena. Sasa alikuwa njiani kwenda kuomba ifutwe, ila hakujua aanzie wapi.

Luhaga alimweleza kwamba mtu akikurupuka, macho hutangulia, akili hubaki nyuma ikitafuta viatu. Yeye mwenyewe aliwahi kuamshwa akaenda hadi stendi ya Buzuruga amevaa blauzi ya mkewe. Akaongeza kwamba hao wanunuzi wa viwanda wanalijua hilo, ndiyo maana huwatuma maafisa saa za usingizi.

Shigela akadai ushahidi. Akajinyoosha kwenye benchi, na kwa kuwa kulala hakukumpa tabu, punde akakoroma. Luhaga akagonga kifuniko cha birika sikioni mwake.

— Wakili, nichukue baiskeli yako?

— Chukua, akasema Shigela, macho mekundu. Ila mbuzi umrudishe.

Mbuzi hakuwa naye wala hakuwahi kuwa naye. Paskazia alicheka mpaka akamwaga kahawa. Masalu naye akacheka, mara ya kwanza tangu wiki ile, akasimama aende kiwandani akawaeleze hivyo hivyo, kwamba alisaini akiwa usingizini.

Mwanamke mmoja, Odeta, muuza vitenge aliyekuwa akisubiri gari la Magu, alikuwa amesikiliza yote.

— Samahani kaka. Ukishasaini, fomu aliichukua yule afisa?

— Hapana. Tuliambiwa tuitumbukize kwenye sanduku la getini, mwisho kesho yake.

— Nani aliitumbukiza?

Shigela akashughulika na kikombe kitupu.

— Mimi, akasema Masalu. Saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeshakunywa chai.

Akabaki amesimama. Kisha akasema, polepole, jambo ambalo hakuwa amemwambia hata mkewe: kwamba aliisoma ile fomu mara tatu kabla ya kuiachia, na kwamba usiku wa siku ile hakukohoa.

Akamrudishia Paskazia kikombe, akashika njia ya nyumbani.