Dada Ameshapanda Ndege

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha Tambo fundi simu, mkabala na mlango wa zahanati. Matofali yako katikati tu, kwa hiyo wa upande mmoja akiinuka ghafla, wa upande wa pili anakula vumbi. Ndiyo maana pale sheria ni moja: hunyanyuki mpaka useme “nainuka”. Matusi yanasamehewa, uongo unasamehewa, ila hilo halisamehewi. Siku hiyo Tambo, kofia yake nyekundu kichwani, goti lilikuwa linacheza kama cherehani. Shule aliiacha mapema, lakini katika majivuno alisoma mpaka akamaliza madarasa yote. Simu ya mtu alishaifungua, na skrubu hazijulikani ziko wapi. Sababu ni dada yake, mshauri wa pale zahanati, yule anayewasikiliza watu waliozidiwa na mawazo. Alikuwa amepata nafasi mbili za kusomea uzamili wa saikolojia, moja ng'ambo, moja chuo cha hapahapa. Wa ng'ambo walitaka jibu kabla ya jua kuzama.

— Anaenda, alisema Tambo. Hilo halina mjadala. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mama yetu hakusoma saikolojia, basi dunia imfunze!

— Wewe methali unazivaa kama kaptula ya kuazima, alisema Kinyozi wa kibanda cha jirani. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa nini dada yako ajitembeze mpaka ng'ambo?

Saa Mbovu, dereva mstaafu wa malori ambaye saa yake haijawahi kusema kweli, alikohoa. Akikohoa, jua kuna jambo linakuja.

— Nisikilizeni mimi niliyezunguka. Kule kuna baridi. Huzuni ya mtu inaganda kichwani, wanaikata vipande kama barafu, wanaitazama. Huku kwetu joto! Huzuni inayeyuka kabla daktari hajavaa miwani. Utasomea nini?

— Umeona! Tambo alipiga paja.

— Nimeona nini? Kinyozi alikuja juu. Wale watu hawana mashangazi. Mtu asiye na shangazi lazima atafute mtaalamu wa kumwambia ukweli. Akisomea kule atarudi na dawa ya watu wasio na mashangazi. Huku atamtibu nani?

— Wana kile kiti cha kulalia, mgonjwa anajinyoosha anasimulia, alisema Tambo.

— Mlaze mtu wa hapa mchana kitini uone. Atakoroma mpaka mtaalamu naye alale.

Muuza kahawa, ambaye wote wanamwita Shangazi, aliinamisha birika.

— Nyie watoto, huyo binti alinieleza mwenyewe. Hapa msimamizi ni mmoja, wanafunzi wanampigania. Kule walimu tele. Lakini akirudi, lazima afanye tena mazoezi wodini chini ya msimamizi, ndipo aruhusiwe kufungua ofisi yake. Kila njia ina mwiba.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! alifoka Tambo. Akienda yeye ndiye mgeni, wale wenyeji watapona wote. Imeandikwa!

Walicheka, naye akacheka zaidi yao, goti likiendelea kushona. Mara dada mtu akatoka zahanati, simu mkononi, akaja mpaka ubaoni.

— Tambo, kuna mtu ameniulizia?

— Leo? Hakuna, dada.

— Na jana hakuna. Alitazama mlango wake. Lile kundi langu la Alhamisi, wale ninaowasikiliza kwa pamoja, halikuja hata mtu mmoja. Unajua chuo cha hapa nilikuwa nakitaka kwa ajili yao tu, nisome huku nikiwa nao. Sasa kama wao ndio wameniacha, ninang'ang'ania nini? Naenda kuwajibu wale wa ng'ambo.

— Ndiyo dada yangu! Ndege hiyo!

Alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyekalia mwiba, akarudi ndani. Tambo alishinda, lakini kahawa yake akaiacha ipoe. Akaitazama simu aliyoifungua, akawa hakumbuki hata ni ya nani.

Ndipo akaja mwashi mmoja, saruji imemkaukia mpaka kwenye kope.

— Hamjambo wazee. Samahani, hawa wanaosomea ng'ambo huwa wanarudi baada ya muda gani?

— Inategemea, alisema Saa Mbovu, akijiandaa kukohoa. Unamuulizia nani?

— Yule dada wa zahanati. Wiki iliyopita nilikuja, huyu kijana mwenye kofia nyekundu akaniambia dada ameshapanda ndege, yuko juu ya mawingu. Nikawaambia wenzangu wa Alhamisi wasijisumbue. Ila mimi, tangu jengo lile limwangukie mwenzangu, usingizi ulikuwa umeanza kunirudia kwa ajili yake. Sasa umenikataa tena. Nataka kujua tu, tumsubiri?

Ubao mzima ukageukia kofia nyekundu. Ni kweli aliyasema, tena akicheka, dada yake akiwa ng'ambo ya barabara tu. Utamu wa safari ya ndege huuonja kwanza yule anayeitangaza, na Tambo hakuwa na subira ya kungoja ndege yenyewe. Kutoka pale kijiweni waliona kupitia dirisha la zahanati kichwa cha dada kimeinama, kidole gumba kinaandika.

— Jibu basi, alisema Kinyozi polepole. Mwenye methali ni wewe.

Tambo aliinuka, na hakusema “nainuka”. Upande wa pili Saa Mbovu akaenda chini miguu juu, birika likapinduka, kahawa yote ikanywewa na vumbi. Hakuna aliyecheka. Tambo alishafika katikati ya barabara, kofia imemdondoka, anapiga kelele mpaka sauti inapasuka:

— Dada! Usitume! Dada, usitume kwanza!

Mwashi akamtazama, akawageukia waliobaki.

— Huyu anamwita nani?